Samaki Ndani ya Soketi

Soketi ya kwanza kufa ilikuwa ya sebuleni, ile ya redio. Ilikufa katikati ya matangazo ya vifo, na mama mkwe wangu, aliyekuwa ameinamisha kichwa akisikiliza majina ya watu asiowajua, alidhani mtangazaji amenyamaza kwa heshima ya marehemu. Alisubiri muda mrefu. Mwishowe akaniuliza kama leo wamekufa wengi. Nikamwambia hapana, redio ndiyo imezimika, akasema, "Pole yake," akarudi kuchambua maharage.

Hiyo ilikuwa Karatu, miaka ya mwanzo ya elfu mbili, katika nyumba ya matofali ya kuchoma upande wa chini wa barabara kuu. Mume wangu alikuwa amekufa masika ya mwaka ule. Alikuwa fundi umeme katika loji moja huko juu, kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, na gari la kazi lililokuwa linawapandisha asubuhi lilipinduka konani ndani ya ukungu. Wenzake walitoka na michubuko. Naandika kwa mkato kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa, na ndivyo nilivyopokea. Sikulia msibani. Wanawake wa jumuiya ya kanisa walinibana katikati yao kwenye mkeka, wakalia kwa niaba yangu, na mmoja alinifinya paja kwa nguvu akidhani nimezirai nikiwa nimefumbua macho. Nilimwona akinifinya. Kumsikia, sikumsikia.

Mama mkwe alikuwa Mwiraqw wa Endabash, mkulima wa mahindi na maharage, mwembamba, mrefu, mwenye Kiswahili alichokiokota ukubwani sokoni na kanisani. Mimi ni Mchaga. Nilimwita Aayo, yaani mama kwa lugha yao, kwa kuwa ndivyo mume wangu alivyomwita, na neno hilo ndilo pekee la Kiiraqw nililolitamka bila watu kucheka. Alikuja na msiba, na msiba ulipoanuliwa akabaki. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, aliniambia, "Mama atakaa na wewe, shemeji, mpaka upoe." Nilitikisa kichwa kukubali. Sikuwa na joto lolote la kupoa, lakini hilo si jambo la kumwambia shemeji mbele ya wazee.

Hatukujaliwa mtoto. Hakuna aliyelisema hilo msibani, na kila mtu alilijua. Kaka yangu alikuwa amekwisha kuniambia kwamba siku mama mkwe akirudi kwake, yeye atakuja na pikapu kubeba vyombo vyangu anipeleke nyumbani Kilimanjaro. Kwa hiyo mambo yalisimama hivi: yule bibi akiondoka, nyumba haikuwa na kazi tena, na mimi sikuwa mkwe wa mtu. Ukiniuliza kama nilitaka abaki, ningekujibu sijui, na ningekuwa nasema kweli. Nilichojua ni kwamba asubuhi niliinuka kitandani kwa sababu kuna mtu wa kuchemshiwa chai. Asipokuwepo huyo mtu, nisingeinuka. Sikuogopa jambo hilo, nililitazama tu kama unavyotazama mvua ya wenzako ng'ambo ya bonde.

Sasa soketi.

Nyumba ile aliitandaza nyaya mume wangu mwenyewe, umeme ulipofika mtaani kwetu. Alikuwa na tabia za loji. Kule kulikuwa na jenereta iliyozimwa wageni wakishalala, na huku nyumbani, miaka yote, kila usiku alizunguka akizima kila kitu ukutani na kusema, "Nazima jenereta." Hatukuwa na jenereta. Nilimtania kwamba nimeolewa na mlinzi. Alitembea na testa mfukoni hata kanisani, ile bisibisi yenye kitaa ndani ya mpini, ambayo ukiigusisha waya wenye moto na ukaweka kidole nyuma, kitaa kinawaka. Na alikuwa na msemo wake wa kufundishia vijana: zima meni kwanza, uone aibu baadaye; meni ni swichi kuu ya nyumba.

Baada ya soketi ya sebuleni ikafuata ya chumba cha Aayo, halafu ya jikoni. Hazikufa moja kwa moja. Zilikufa zikafufuka. Taa za darini ziliwaka kama kawaida, ila soketi zilikuwa na siku zake. Lori zito likipita barabarani, redio ilishtuka ikasema maneno mawili matatu ya habari za bunge, ikanyamaza. Niligundua kwamba nikiupiga ukuta wa sebule kofi mahali fulani, umeme unarudi. Aayo naye akajifunza. Ilikuwa kawaida kunikuta mimi cherehanini na yeye ukutani akipiga makofi, na jirani mmoja aliuliza kwa upole kama tumeanza kusali kwa namna mpya.

Nilikuwa nashona sare za shule kwa cherehani ya miguu, kwa hiyo kukosa umeme hakukunisumbua, isipokuwa kwenye pasi. Sare isiyonyooshwa haipendezi, na marinda ya sketi yanataka moto. Kwa hiyo kila alasiri niliisubiri soketi ya sebuleni ifufuke, nikaishambulia haraka kwa pasi kabla haijafa tena. Hapo ndipo samaki alipoingia nyumbani.

"Wewe napika samaki," Aayo aliniambia siku moja. Alikuwa amesimama mlangoni, kitenge kimefunika pua.

"Hapana, Aayo. Nanyoosha nguo."

"Mimi nasikia samaki."

"Hakuna samaki."

"Wewe sikii?"

Nikavuta pumzi. Sikusikia kitu. Wala si samaki tu: tangu msibani sikuwa nasikia harufu ya chochote, si vitunguu kwenye mafuta, si mvua ya kwanza kwenye udongo wetu mwekundu, si shati la mume wangu lililokuwa bado limening'inia nyuma ya mlango, ambalo nililijaribu mara moja nikaliacha. Chakula nilikipima chumvi kwa macho. Kiswahili kinatumia neno moja kwa yote hayo, kusikia: unasikia redio, unasikia harufu, unasikia maumivu, unasikia huruma. Mimi nilikuwa nasikia redio tu, na hiyo nayo ilikuwa imekufa.

Lazima nieleze uzito wa shtaka lile. Kwa wazee wa kwao Aayo, samaki si chakula. Ni kitu cha majini chenye magamba, ndugu wa nyoka, na mtu wa heshima hakiingizi ndani. Vijana wao wanakula siku hizi bila wasiwasi. Mume wangu alimla samaki huko loji na kurudi akijisifu, na alinikataza nisije nikaropoka mbele ya mama yake. Mimi ninampenda sato wa kukaanga kuliko nyama, sitaficha. Lakini tangu Aayo ahamie kwangu, sikununua hata kichwa cha dagaa. Sokoni nilipita mbali na wale wa Mang'ola wenye kambale wao wakavu. Hiyo ndiyo heshima pekee niliyokuwa na nguvu ya kumpa, ya kutofanya kitu.

Kwa hiyo nikajua bibi ameanza kuchanganyikiwa kwa majonzi. Sikumlaumu. Mwanawe wa kwanza. Nilimwonyesha masufuria yote, nikamfungulia kabati, nikamwonyesha hata ndoo ya takataka. Akaangalia kila kitu kwa adabu. Kesho yake alasiri, pasi ikiwa mkononi, nikasikia mlango wa chumba chake ukifungwa kwa nguvu, na kutoka ndani sauti yake ikisema peke yake kwa lugha yao. Sikuhitaji kutafsiriwa.

Nikamwita fundi, jirani wa mtaa wa pili ambaye alimfahamu marehemu. Alikuja na mkoba, akavua kofia, akanipa pole upya, kisha akaanza kazi. Bahati nzuri au mbaya, siku ile soketi zilikuwa zimekufa kabisa. Alichomeka pasi sebuleni akaiacha hapo, akaenda jikoni na testa yake. Tundu la kwanza, kitaa kikawaka. Tundu la pili, kitaa kikawaka vilevile. Akacheka kidogo.

"Unaona, mama? Moto upo kote kote."

"Kama upo, mbona hakuna kinachofanya kazi?"

"Umeme si maji ya ndoo, kwamba ukifika umefika. Unakuja kwa waya huu," akagusa upande mmoja, "ukifanya kazi unarudi kwa huu mwingine, nyutro. Sasa hapa umekuja, umeingia kwenye pasi, umepita mpaka upande wa pili, haupati pa kurudia. Umejaa tu humo. Nyutro imekatika mahali."

Nakumbuka nilisema, "Kumbe." Hakuna zaidi. Alifungua soketi ya jikoni, ya chumba cha Aayo na ya sebuleni. Akabadilisha moja aliyoiona imezeeka, akakaza skrubu zote, akazirudisha. Alipokaza ya sebuleni akaugonga ukuta kwa mpini wa bisibisi, redio ikaanza kuimba kwaya. Sote tukaamini kazi imekwisha. Akauliza kama kuna soketi nyingine.

"Chumbani iko moja," nikasema. "Ila hiyo haijawahi kusumbua."

"Inafanya kazi?"

"Inafanya kazi usiku na mchana."

"Kama ni nzima tuiache," akasema, na mtu gani angesema vingine.

Soketi hiyo ilikuwa upande wa kitanda aliolalia mume wangu, chini, karibu na sakafu. Ndani yake ilichomekwa plagi ya tochi yake kubwa ya kuchaji, ile aliyokwenda nayo zamu za usiku kule loji ambako nyati huingia mpaka kwenye maua. Asubuhi ile ya ukungu aliiacha. Alisimama mlangoni amevaa koti, gari linapiga honi, akaitazama tochi, na taa yake ndogo ilikuwa bado nyekundu. Ikijaa hugeuka kijani. Akaniambia, "Usichomoe, haijajaa." Akaondoka.

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia, na watu waliponiuliza msibani alisema nini mara ya mwisho, niliwaambia aliniaga. Nani angependa kusikia habari za tochi? Sikuichomoa. Umeme ulipokatika mtaani taa ile ilizimika, uliporudi ikawaka yenyewe, nyekundu. Usiku nililala upande wangu nikiitazama. Haikuwahi kuwa kijani. Sikuwa nasubiri muujiza wowote, naomba nieleweke. Nilikuwa nimeambiwa nisichomoe mpaka ijae, na ilikuwa haijajaa.

Siku chache baada ya fundi, mambo yakarudi pale pale. Redio ikakatika. Makofi ukutani yakaanza. Na alasiri, nikiwa na pasi, samaki akarudi na nguvu zaidi. Sasa Aayo hakusema nami tena juu yake. Aliacha kula nilichopika. Alijichemshia mahindi na maharage kwenye chungu chake nje, juu ya mafiga matatu, akala amekaa kwenye jiwe, amelipa nyumba mgongo. Jirani wakaona. Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Haukupita muda dada mmoja wa jumuiya akaniuliza, kwa sauti ya kunisaidia, kama ni kweli namkomoa bibi wa watu kwa samaki ili aondoke. Nikamwambia si kweli. Lakini niliyasema maneno yale kwa uso ule ule niliokuwa nao msibani, na naona hakuniamini. Uso usiosikia kitu hauaminiki hata ukisema saa ngapi.

Shemeji akatumiwa salamu. Akajibu kwamba siku ya mnada, atakapokuja na gari la kukodi kuleta mbuzi, atapita kumchukua mama.

Aayo aliniambia mwenyewe. Alikuja akakaa karibu na cherehani, akaweka mikono juu ya magoti.

"Mimi narudi Endabash."

"Sawa, Aayo."

"Wewe rudi kwa mama yako. Wewe bado kijana."

"Sawa."

Alinitazama. Nafikiri alitaka nibishe. Mimi mwenyewe nilikaa nikisubiri kubisha kuje, kama anavyosubiri mtu chafya. Hakukuja. Nikakanyaga cherehani, nikamaliza mshono wa kwapa, na alipoinuka nikaona ameacha juu ya meza kipande cha mahindi alichonichomea. Nilikila. Kilikuwa na moto, hilo nililiona kwa mvuke.

Siku ya mnada shemeji alifika mapema kuliko tulivyodhani, jua likiwa bado upande wa kanisa. Gari lilibaki nje limepakia magunia nyuma. Kapu la Aayo, chungu chake na godoro lake dogo vilikwisha kupandishwa. Shemeji alikaa kwenye ngazi akinywa chai, akikwepa kunitazama, maana ni mtu mwenye haya.

Nikaona siwezi kumwacha mama wa mume wangu aondoke kwangu amevaa nguo yenye makunyanzi. Hiyo ilikuwa adabu ya kwetu, si upendo. Mkwe hatoki kwako kama mtu aliyefukuzwa. Nikamwomba mtandio wake mweupe wa kanisani. Akanipa. Nikapiga ukuta kofi, umeme ukaja, nikaacha pasi ipate moto mpaka mwisho kwa sababu kitambaa kilikuwa pamba nzito, nikaanza kunyoosha.

Sikufika katikati. Aayo aliingia sebuleni macho yamejaa machozi, na hasira iliyomfanya aonekane mrefu maradufu.

"Hata leo!" akasema. "Hata leo mimi naenda, wewe weka samaki!"

Nilikuwa nimeshika mtandio wake na pasi. Mikono yangu yote miwili ilikuwa mbele yake, na nyuma yangu jiko lilikuwa baridi tangu chai. Alitazama mikono. Akatazama jiko. Nikaona akili yake ikikwama mahali, na kwa mara ya kwanza nikawaza kitu ambacho nilipaswa kukiwaza zamani: huyu mama hajachanganyikiwa. Huyu anasikia kitu. Asiyesikia ni mimi.

"Aayo," nikasema, "nionyeshe aliko."

"Nini?"

"Samaki. Mimi pua yangu imekufa. Nionyeshe wewe."

Akanitazama kuona kama namdhihaki. Kisha akashusha kitenge puani, akanusa. Alianza jikoni, akarudi. Akanusa soketi ya redio, akakunja uso, akatikisa kichwa. Akafuata ukuta ule ule tuliokuwa tunaupiga makofi, taratibu, mkono mmoja juu ya plasta, mpaka mlangoni mwa chumba changu. Hapo akasimama.

Kwa desturi yao mama haingii chumba anacholala mwanawe na mkewe. Tangu msiba mpaka siku ile Aayo hakuwahi kukanyaga mle. Hata alipokuja kuniamsha aligonga akaenda zake. Nikamwambia, "Ingia tu." Akakataa kwa kichwa. Akashika fremu ya mlango kwa mikono miwili, akaingiza uso peke yake.

"Iko hapa," akasema. "Samaki iko hapa ndani."

Basi tukafanya hivi: yeye mwenye pua hakuweza kuingia, na mimi niliyeweza kuingia sikuwa na pua. Nilisimama katikati ya chumba kama kipofu na yeye akanielekeza.

"Si kabati. Huku. Kitanda."

"Chini ya kitanda?"

"Upande wa pili. Upande wake."

Hakusema wa nani. Nikazunguka kitanda.

"Chini," akasema. "Chini. Hapo!"

Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya tochi. Taa ilikuwa nyekundu. Kifuniko cheupe cha soketi kilikuwa kimegeuka rangi ya chai ya rangi, na pembeni mwa plagi plastiki ilikuwa imetoa povu jeusi. Nilikuwa nimeitazama taa ile kila usiku, na sikuwa nimeona chochote kilichoizunguka. Nikakumbuka: mume wangu alipata kunieleza kwamba soketi ikiungua hunuka samaki, hata kule loji wageni walililalamikia jiko, kumbe ni ukuta. Alinieleza tukicheka. Nikakumbuka na maneno ya fundi, mahali nyutro ilipokatika. Soketi zilikuwa zimefuatana kwa waya mmoja ukutani, hii ikiwa ya kwanza, zile nyingine nyuma yake. Tulifungua zote zilizokufa. Ugonjwa ulikuwa kwenye hii iliyo hai.

Nilitoka mpaka kwenye meni, nikazima. Nyumba yote ikanyamaza, na chumbani taa nyekundu ikawa imezimika niliporudi. Nikaishika plagi. Ilikataa kutoka, ilikuwa imeyeyukiana na soketi. Nikavuta kwa vidole, ikatoka ghafla na kipande cha soketi. Kisha nikachukua testa yake ya akiba kwenye droo, nikahakikisha hakuna moto, nikafungua kifuniko. Waya wa nyutro unaoingia ulikuwa umeshikwa. Ule unaotoka kwenda sebuleni ulikuwa umelala tu juu ya skrubu, mweusi, umekauka. Skrubu niliizungusha kwa kucha. Kila pasi ilipovuta umeme, ni hapa palipoungua.

Hapo nilimkasirikia. Nasema wazi, nilimkasirikia mpaka nikasikia masikio yanapiga. Fundi wa loji nzima, mwenye testa kanisani, kukaza skrubu ya nyumbani kwake akashindwa. Mganga hajigangi! Nilipiga kelele nikamwita jina ambalo mke hamwiti mumewe mbele ya mama yake.

Nilipogeuka, Aayo alikuwa ndani. Sijui alivuka lini. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, upande wa mwanawe, ameweka tochi mapajani.

"Hii ya nani?"

"Yake. Aliniambia nisichomoe," nikasema. "Asubuhi ile. Aliniambia, usichomoe, haijajaa."

Sikuwa nimemwambia mtu hata mmoja maneno hayo, na nilipoyasikia yametoka yalikuwa madogo sana. Aliigeuzageuza tochi, akaona mahali pa kuwashia, akabonyeza. Haikuwaka. Akabonyeza tena, akaipiga kiganjani kidogo, kwa kofi lile lile la ukutani, akabonyeza. Miezi yote ile ya chaji ilikuwa imeipika betri ndani.

"Imekufa, mwanangu," akasema.

Shemeji alikuwa amefika sebuleni, anauliza kwa mbali kama kuna tatizo, na kwamba mwenye gari analalamika. Aayo alimjibu kwa Kiiraqw, kisha, ili nami nielewe, akarudia kwa Kiswahili chake.

"Mimi siendi. Huyu hasikii. Mimi nikienda, yeye naungua hapa, na hasikii."

Akaushika mkono wangu. Sikuwa nimeuangalia. Kwenye kidole gumba na cha shahada, pale niliposhika plagi, ngozi ilikuwa imepanda malengelenge mawili, meupe, yamejaa maji. Akaweka ukucha wake juu ya moja akabonyeza, si kwa huruma, alibonyeza kama anayepima parachichi sokoni, huku amenikazia macho.

"Unasikia?"

Nilisubiri. Kitu kilitoka mbali, kikaja polepole mpaka kwenye kiwiko.

"Kidogo," nikamwambia.

Akamwambia mwanawe ashushe kapu.